Gamba Halimtoshi: kumlinda kobe wa bustanini na wanyama wakali na baridi

(Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi kwa familia zetu zinazofuga kobe hapa Uingereza. Wengi mlikuwa shifti hamkuweza kufika mkaomba niiweke yote, basi hii hapa, picha za ukutani nimeziruka.)

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za mchana kwa wote. Wazee wangu, kina mama, kina baba, na nyinyi watoto mliokaa hapa mbele ambao najua ndio wenye kobe wenyewe, karibuni sana.

Nimeombwa niongelee kobe anayekaa nje, na mimi kwa vile kazi yangu ni kupokea kobe walioumia na waliotelekezwa, nina neno moja tu la kuwaambia leo na nitalirudia mpaka mlichoke. Gamba halimtoshi. Semeni na mimi jamani, gamba halimtoshi! Maana sisi wote tumekua tukiambiwa kobe hana shida, kobe katembea na nyumba yake mgongoni, ukimtisha anaingia ndani basi yamekwisha. Nani hapa hajaambiwa hivyo na bibi yake? Sasa mtu anafika huku, ananunua kobe wa watoto, anamwachia bustanini kwenye nyasi, jioni inaingia anafunga mlango wa nyumba analala, kobe yuko nje na "nyumba yake". Ndugu zangu, ile si nyumba. Ile ni mifupa. Gamba limeungana na uti wa mgongo na mbavu zake, lina damu, lina mishipa ya fahamu, ukiligusa taratibu anasikia, na likivunjika anaumia kama mimi na wewe tunavyoumia tukivunjika mguu, tofauti ni kwamba yeye hana sauti ya kupiga kelele. Unaweza ukawa umekaa sebuleni unaangalia mpira na mnyama wako anatafunwa mita kumi kutoka kwenye dirisha usijue kitu.

Anatafunwa na nani? Hapo ndipo watu wanaponishangaza. Nikiuliza adui wa kobe hapa Uingereza ni nani wote wanajibu mbweha, na kweli mbweha yupo, anapita kwenye mitaa yetu kila usiku anapekua mapipa, na nimeshapokea kobe ambao mguu wa mbele umeliwa na mbweha hadi begani. Kuna na yule beja, mnyama wa usiku mwenye mistari myeupe usoni, ana nguvu ya kucha ya ajabu, akitaka kufungua kibanda cha mbao laini anafungua. Lakini mimi wanaonijia mezani wengi hawajaumizwa na mbweha. Wameumizwa na mbwa wa nyumbani. Mbwa wenu. Yule yule anayelala kwenye kapeti na watoto.

Kuna familia moja, siwataji, walikaa na mbwa na kobe miaka, picha zipo za mbwa amelala na kobe kampanda mgongoni, kila mtu anazipenda. Siku moja mchana watu wako ndani wanakula, mbwa kachoka hana cha kuchezea, kamchukua kobe akaanza kumtafuna taratibu kwa raha zake kama anavyotafuna mfupa, sio kwa hasira wala nini. Waliponiletea, ukingo wote wa gamba upande wa kulia ulikuwa umeliwa, ule unyevu wa mfupa unaonekana, na mguu wa nyuma hauna ngozi. Yule baba analia ananiambia "lakini wanapendana hawa". Mbwa hajamchukia kobe baba yangu, mbwa ana meno na kobe ananuka mfupa. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Kwa hiyo msinielewe vibaya, sisemi ufukuze mbwa, nasema mbwa na kobe wasikae sehemu moja bila mtu mzima kuwaangalia, na kuangalia maana yake macho yako yako pale, sio uko jikoni unachungulia. Na mbwa wa mgeni ndio kabisa asiingie bustanini.

Halafu panya. Naomba nikae kwenye panya kidogo kwa sababu huyu ndiye anayedharauliwa kuliko wote na ndiye anayefanya kitu kibaya kuliko wote. Panya hamwezi kobe aliye macho na mwenye joto. Panya anamsubiri kobe aliyelala usingizi wa baridi, ule usingizi mrefu wa miezi ya baridi, au kobe aliyepoa usiku hawezi kujisogeza, anaanza kumla miguu na mkia akiwa hai. Mama mmoja alimlaza kobe wake kwenye stoo ya bustani, ndani ya boksi la mbao, kajaza majani makavu vizuri, kafunika, kwa upendo kabisa. Nyuma ya boksi pale chini mbao ilikuwa na kitundu, panya akakipanua, unaona kabisa alama za meno pembeni mwa tundu, mistari miwili miwili, na unga wa mbao umemwagika chini. Alipofungua mwezi wa pili, miguu miwili ya mbele haikuwa na kucha hata moja, magamba madogo ya mguuni yameisha, kidole kimoja mfupa uko nje mweupe. Na kobe bado anapumua. Bado anapumua jamani! Huyo alipona, alikaa kwa daktari muda mrefu, anatembea kwa kuchechemea, lakini wengi hawafiki hapo.

Sasa gamba lilimsaidia nini?

Kwa hiyo kinga yenyewe. Waya wa kuku usiutegemee, ule ni wa kumzuia kuku asitoke, haumzuii panya wala mbweha asiingie, panya anapita kwenye tundu linalozidi kidogo sentimita mbili, na mbweha anaupinda kwa meno. Chukua waya mgumu ule uliochomelewa, matundu ya milimita 13, pigilia chini ya kibanda chote na kwenye kila dirisha la hewa. Ukuta wa eneo lake la mchana uwe mbao au matofali asione ng'ambo, maana akiona ng'ambo atasukuma siku nzima mpaka ajichubue pua, na pembe za ukuta uzifunike juu kwa sababu kobe anapanda kwenye kona, usimwone mzito hivyo. Ukuta uingie ardhini kama sentimita 30, na kama kobe wako ni yule wa Asia ya Kati anayeitwa Horsfield basi weka vipande vya zege chini kuzunguka ukuta, yule ni mchimbaji, leo yupo kesho yuko kwa jirani. Wale wadogo wa mwaka mmoja miwili waya uwe na juu pia, kwa sababu kunguru, shakwe, na wale ndege weusi kwa weupe wenye mkia mrefu wanambeba mtoto wa kobe kama tunda. Akipinduka chali naye jua kali likamkuta hana wa kumgeuza, huyo anakufa bila hata kuliwa.

Na usisahau mnyama wa mwisho, binadamu. Wazanzibari mliopo hapa mnakijua kisiwa cha Changuu. Mwaka 1919 waliletwa kobe wanne tu pale, zawadi kutoka kwa gavana wa Shelisheli, wale wakubwa wa Aldabra ambao mtoto anaweza kukaa juu yake. Wakazaana, wakastarehe, kufika 1955 walikuwa kama 200. Kisiwa chote chao, hakuna chui, hakuna fisi. Na nini kikatokea? Watu wakaanza kuwaiba, wengine kwa ajili ya kuuzwa nje kama wanyama wa kufuga, wengine kwa ajili ya nyama, mpaka 1996 walibaki saba. Saba! Wakaletwa watoto 80 kuongeza, arobaini wakapotea tena. Kilichowaokoa haikuwa gamba, ilikuwa uzio, serikali ya Zanzibar na shirika la kutetea wanyama wakajenga eneo lenye ukuta, wadogo wakatengwa kwenye sehemu yao ya kufungwa, ndipo idadi ikaanza kupanda tena. Sasa kama kobe mwenye uzito wa watu wawili watatu amebebwa usiku, wako wa gramu 700 bustanini Luton nani atashindwa kumtia kwenye begi? Geti liwe na kufuli, na picha za kobe wako usizirushe mtandaoni na namba ya nyumba inaonekana nyuma.

Hapo hapo niseme la sheria haraka. Kobe wa Mediterania, yule Hermann na yule mwenye kijembe pajani, ukimnunua hapa lazima muuzaji awe na cheti chake cha Article 10, yaani kibali cha kumuuza, na akifika urefu wa tumbo milimita 100 awe na chipu, kile kidude kidogo chenye namba yake kinachowekwa chini ya ngozi. Chipu hiyo ndiyo itakayomrudisha akiibiwa. Na wale mnaoniuliza kimya kimya kama mnaweza kumleta kobe kutoka nyumbani, jibu ni hapana. Kobe wa porini Kenya na Tanzania ni wanyamapori, wana sheria zao, na yule bapa wa kwenye mawe kama chapati tangu 2019 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mwacheni kwenye jiwe lake.

Haya, tumemaliza wenye meno. Sasa baridi.

Baridi inaua zaidi, naomba hilo lieleweke, na inaua polepole mpaka mtu anafikiri kobe "kalala tu". Kobe hatengenezi joto lake mwenyewe. Joto lake linatoka nje, kwenye jua, kwenye jiwe lililopata moto, kwenye taa. Anahitaji asubuhi apate sehemu ya kuota jua yenye kama digrii 30 ndipo mwili uamke, akiamka anakula, akila tumbo linasaga. Akipoa tumbo linasimama. Fikirini hapo vizuri. Kobe kala majani yake mazuri saa nane mchana kukiwa na jua, saa kumi wingu limefunga, mvua, usiku digrii 6, chakula kiko tumboni hakisagiki, kesho pia mvua, keshokutwa mvua, kile chakula kinaanza kuoza mle ndani. Nyinyi mnaona mnyama mtulivu. Sasa hii sio Januari nawaambieni, hii ni Mei, hii ni Juni, tunaijua Juni ya hapa. Halafu baridi ya unyevu ndiyo inaleta mafua ya kobe, unaona mapovu puani akipumua, macho yamevimba, mdomo unafunguka fungua, na hayo mafua hayaishi kwa kumfunika taulo, ni ya daktari.

Dawa yake ni nyumba ya mchana inayoshika joto. Si lazima iwe ya gharama. Kile kibanda cha plastiki ngumu cha kuoteshea mboga, kisicho na sakafu, ukikiweka juu ya udongo ndani ya uzio wake, jua dogo tu la asubuhi linapandisha joto ndani kuliko nje, na ndani yake juu unaning'iniza taa ya joto na taa ya UVB, ile yenye miale kama ya jua, kwa siku za mawingu. Lakini kiwe na dirisha linalofunguka lenyewe joto likizidi, kwa sababu Julai siku moja ya jua kali hicho kibanda kinageuka oveni. Na ndani yake boksi la kulala, kavu, mbao nene, pembeni umeweka yale mapovu magumu meupe ya kushikilia joto katikati ya mbao mbili asije akayala, udongo na majani makavu ya kujichimbia. Taa na hita zote zifungwe kwa mnyororo, zisiwekwe karibu na nyasi kavu, na ziwe na themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto. Moto wa vibanda upo, na kobe hakimbii moto.

Sasa niwaulize, nani hapa anafuga sulcata, yule mkubwa wa Sahel, au kobe wa madoa wa kwetu? Naona mikono. Najua kwa nini mmemchukua wa madoa, unamwona unakumbuka kijijini, unakumbuka baada ya mvua anavyokatiza barabara. Nisikilizeni kwa makini nyinyi. Huyo wa kwetu HALALI usingizi wa baridi. Hajui. Mwilini mwake hana hicho kitu. Kule kwao baridi ya usiku ikija mchana jua linarudi. Ukimwacha apoe wiki nzima ukidhani "amelala kama wa jirani", huyo hajalala, anakufa. Yeye na sulcata ni nyumba yenye joto mwaka mzima, usiku isishuke chini ya digrii 20 ukitaka kulala na amani, na miezi ya baridi anatoka nje dakika chache tu siku ya jua. Na sulcata anazidi kilo 50, kwa hiyo kabla hujamnunua yule wa kukaa kiganjani jiulize hiyo nyumba yenye hita ya mnyama wa kilo 50 itakaa wapi kwenye flati ya vyumba viwili. Bili ya umeme nayo mnaijua.

Wa Mediterania na wa Horsfield ndio wanaolala. Na hapa kuna mazoea ya zamani ya hapa hapa Uingereza, kabla ya 1984 walipozuia kuwaingiza, kobe walikuwa wanakuja kwa meli kwa wingi mno wanauzwa bei ya kutupa, na watu walikuwa wanawaweka kwenye boksi la majani darini, Oktoba mpaka Aprili, bila kufungua. Wengi hawakuamka. Wazungu wazee watakwambia "sisi tulifanya hivyo". Mheshimu mzee lakini usimfuate hapo. Dari na stoo joto linapanda na kushuka. Likishuka chini ya sifuri kobe anaganda, na macho yanaweza kuharibika, anaamka kipofu. Likipita digrii 10 anaamka nusu, anaunguza akiba ya mwili wake hana chakula. Anachotaka ni digrii 5, iwe kati ya 3 na 7, isiyobadilika. Na kitu gani kwenye nyumba zetu kinakaa digrii 5 usiku na mchana na panya hawezi kuingia?

Friji! Kuna mtu kacheka pale nyuma, mama usicheke, ni kweli kabisa, madaktari wenyewe wanashauri. Friji ndogo ya peke yake, sio ile yenye maziwa na samaki, ijaribuni wiki mbili bila kobe na kipimajoto ndani mwone kama inashika, weka chupa za maji zisaidie joto kutulia. Kobe kwenye boksi lenye udongo kidogo na matundu. Mlango ufunguliwe mara mbili tatu kwa wiki apate hewa. Kabla ya hapo, mwezi wa nane au wa tisa apelekwe kwa daktari, mgonjwa na mwembamba halazwi mwaka huo, anakaa ndani na taa. Halafu wiki tatu nne kabla ya kulala, kwa mtu mzima, acheni kumpa chakula, mdogo wiki mbili, lakini bado mnamwogesha maji vuguvugu kila siku anywe, na joto msimkatie ghafla, lishuke pole pole hadi mwisho. Tumbo litoke safi. Mtoto wa mwaka wa kwanza wiki chache tu zinamtosha, mkubwa kama miezi mitatu.

Na kila wiki mizani. Hapa nawaomba mno, mizani ya jikoni ya gramu inatosha. Akilala na gramu 900, hatakiwi kupoteza zaidi ya asilimia kumi, maana yake ukisoma 810 usingizi umekwisha, mtoe, mpashe joto. Ukikuta amekojoa humo ndani mtoe siku hiyo hiyo hata kama uzito uko sawa, kwa sababu yale maji ndiyo aliyokuwa anaishi nayo. Akiamka, kitu cha kwanza maji vuguvugu mpaka kidevuni, anywe, taa ya joto, na asipokula ndani ya wiki piga simu kwa daktari.

Kuna bwana mmoja alikuwa anaandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlango wa friji, tarehe, gramu, digrii, na binti yake wa miaka tisa ndiye anayeshika kalamu. Wiki moja yule binti akamwambia baba, namba imeruka, wiki iliyopita alipungua gramu tatu leo kapungua 22. Baba anataka kusema mizani mbovu. Mtoto kakataa. Wakamfungua, udongo umelowa, kakojoa. Yule kobe yuko hai leo kwa sababu ya kalamu ya mtoto wa miaka tisa, na nimefurahi amekuja, nakuona hapo, hongera mwanangu.

La mwisho, ikitokea ameng'atwa licha ya yote. Damu inatoka, bana kwa kitambaa safi. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, funika nzi wasitage mayai, maana kiangazi funza wanaingia ndani ya siku moja. Mtoe nje, mweke ndani kwenye boksi, na daktari siku hiyo hiyo hata kama tundu la jino ni dogo kama sindano, kwa sababu mdomo wa mbwa una bakteria na kinachoua ni kile kilichoingia ndani. Usipake gundi. Usipake majivu, usipake mafuta ya taa, jamani nimeyaona yote hayo. Na usimwogeshe kwenye beseni kidonda kikiwa wazi upande wa mwili. Daktari awe anayejua reptilia, tafuteni namba yake leo kabla ya kumhitaji, sio saa nne usiku Jumapili.

Sasa tutapumzika chai ipo. Waliokuja na kobe kwenye maboksi wasiondoke, meza ya nyuma kuna mizani na kuna kile kisomeo cha chipu, mje mmoja mmoja, tunampima, tunamwangalia pua na macho, tunakuandikia uzito wa leo kwenye karatasi uanze nayo. Wa madoa na sulcata waanze wao, ukumbi huu una baridi.